Brooks Alisema Zaidi ya Hapo

Kikao kilikuwa cha jioni, saa ile watu wameshaanza kuchungulia ramani kwenye simu waone foleni ya Mwenge imefikia wapi. Mradi ulikuwa nyuma ya ratiba na hakuna aliyebisha. Dada anayeongoza timu ya madevelopa alikuja na ombi moja: aongezewe watu wawili, tena sasa, kabla awamu ya pili haijaanza. Alikuwa na karatasi yake. Ameandika nani atafanya nini.

Meneja wa mradi alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Dada yangu, sheria ya Brooks unaijua? Ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Hiyo ipo kwenye vitabu."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumheshimu mkubwa. Yule dada akakunja karatasi yake. Mimi nilialikwa kuangalia hifadhidata tu, kwa hiyo sikutia neno. Tukiwa tunashuka ngazi akaniuliza:

"Kaka, hicho kitabu wewe umekisoma?"

Nimekisoma, nikamwambia.

"Na ndivyo kinavyosema?"

"Kinasema, ila..." Hapo bodaboda wake akafika.

Ile "ila" imenikaa kichwani wiki kadhaa. Makala hii ndiyo sentensi niliyoshindwa kuimalizia pale ngazini.

## Kilicho chini ya ile sheria

*The Mythical Man-Month* cha Frederick Brooks kilitoka mwaka 1975, na wengi tulio kwenye kazi hii tunakijua kwa sentensi moja, ileile ya meneja. Brooks mwenyewe aliliona hilo. Alikuwa akitania kwamba kitabu chake kinaitwa Biblia ya uhandisi wa programu kwa sababu kila mtu anakinukuu, baadhi wanakisoma, na wachache wanakifuata.

Nilipofika nyumbani nikakitoa kabatini. Sentensi ipo, sikatai. Ila kabla ya kuiandika, Brooks anatanguliza onyo kwamba hapa anarahisisha mambo kupita kiasi, tena kupita kiasi sana. Onyo hilo sijawahi kulisikia kwenye kikao chochote.

Kisha zinakuja sababu. Mgeni lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni yuleyule aliyekwisha kuelemewa. Kazi iliyogawanywa lazima igawanywe upya. Na watu wakiongezeka, mahusiano ya kuelewana yanaongezeka haraka kuliko watu wenyewe: watu 5 wana jozi 10, watu 10 wana jozi 45. Ni hesabu ya darasani, lakini ukishakaa kwenye kundi la WhatsApp la mradi lenye mteja, mfadhili, mkandarasi na wizara, unaiamini bila chaki.

Sasa zichukue sababu hizo uzipeleke kwenye ile karatasi iliyokunjwa. Kati ya watu wawili walioombwa, mmoja alikuwa amefanya kazi awamu ya kwanza. Asingehitaji kufundishwa chochote zaidi ya nywila mpya. Kazi aliyoandikiwa mwenzake ilikuwa kuhamisha kumbukumbu za zamani, jambo linaloweza kufanyika pembeni bila kumsumbua mtu. Na awamu yenyewe ilikuwa haijaanza.

Sheria ilikosa pa kushika.

Nikaenda kwenye toleo la mwaka 1995, lile la kuadhimisha miaka 20. Humo Brooks anarudi kwenye vitabu vyake kama mkaguzi. Anawataja watafiti Tarek Abdel-Hamid na Stuart Madnick, ambao mwaka 1991 walionyesha kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huongeza gharama siku zote, ila si siku zote huuchelewesha. Na kwamba kuwaongeza mapema ni salama zaidi kuliko kuwaongeza mwishoni. Brooks hakuifuta sheria yake. Alisema bado inafaa kama kadirio la mwanzo kabisa, la kumwonya meneja asikimbilie tiba ya kwanza inayomjia kichwani.

Kumwonya meneja.

Niliisoma mara mbili. Sheria iliandikwa na bosi kwa ajili ya kuwazuia mabosi. Kwenye kile kikao ilikuwa imegeuzwa, imeelekezwa chini, kwa mtu aliyekuja na hoja yenye majina na kazi.

Na hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na jinsi tunavyosoma vitabu hivi kwa ujumla. Sheria inasafiri vizuri: ni fupi, ina jina la mtu, inaingia kwenye slaidi. Mazingira yaliyoizaa hayasafiri. Tunabaki tunatumia cheti cha dawa cha jirani, kwa sababu mwandiko wa daktari ni halali.

## Labda namwonea

Nimejiuliza pia kama namwonea yule meneja.

Inawezekana alikuwa anakijua kitabu kuliko mimi. Inawezekana zaidi kwamba hakukuwa na hela. Bajeti ilikuwa imefungwa, mfadhili hasikii, na kusema "hatuna pesa" mbele ya timu nzima ni kuvua nguo. Brooks alikuwa kanzu ya haraka.

Ninaelewa. Ila fikiria kilichotokea kwa yule dada. Angeambiwa hakuna hela, angerudi kwenye meza yake na kuanza kupunguza: hili tuliache, hili tulisogeze mwezi ujao. Hilo ni tatizo linalofanyiwa kazi. Badala yake aliambiwa kwamba fikra yake yenyewe ni kosa, kosa la kitabuni, ambalo wataalamu walishalijua kabla hajazaliwa. Sidhani kama ataomba tena.

Kitabu kinachoongelea namna ya kuongoza watu kimetumika kumnyamazisha mtu. Sijui nimlaumu nani hapo, mwandishi hapana.

## Ukurasa usionukuliwa

Kuna hadithi kwenye sura ya 4 ambayo ningependa ndiyo iwe maarufu.

Brooks alisimamia OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za System/360 ambazo IBM ilizitangaza mwaka 1964. Mfumo ulichelewa, ukala kumbukumbu kuliko ilivyopangwa, ukagharimu mara kadhaa ya makadirio, na matoleo ya kwanza hayakufanya kazi vizuri. Hayo anayakiri kwenye dibaji, hata kabla hujafungua sura ya kwanza. Alipokuwa anaondoka IBM kwenda kufundisha North Carolina, Tom Watson, mkuu wa kampuni, alimhoji kwa nini kusimamia kazi ya programu ni kugumu hivi. Kitabu kizima, anasema, ni jibu lililochelewa.

Sasa sura ya 4. Ulifika wakati wa kuandika maelezo ya kina ya namna mfumo utakavyofanya kazi. Mkuu wa wasanifu alikuwa na watu wazuri 10. Akasema wataandika vizuri, kwa miezi 10. Hiyo ilikuwa miezi 3 zaidi ya ratiba.

Mkuu wa timu ya ujenzi alikuwa na watu 150. Akasema: tupe sisi, tutashirikiana na wasanifu, tutamaliza kwa wakati na kazi itakuwa nzuri. Tena, ikibaki kwa wale 10, watu wangu 150 watakaa miezi 10 wanahesabu vidole.

Mkuu wa wasanifu akajibu kwamba wakipewa wale 150 haitaisha kwa wakati. Itachelewa miezi 3 ileile, na ubora utakuwa wa chini sana.

Brooks akawapa wale 150.

Ikawa kama msanifu alivyosema, yote mawili. Zaidi ya hapo, mfumo ulikosa wazo moja linaloushika pamoja, ukawa ghali kuujenga na ghali kuubadilisha. Brooks anakadiria kwamba uamuzi ule uliongeza mwaka mzima wa kusaka makosa. Anauita kosa la mamilioni ya dola, na hamtafuti wa kumsukumia.

Ukitazama vizuri, kilichomshinda si hoja ya kiufundi. Ni picha ya watu 150 wamekaa. Picha hiyo inamtisha meneja yeyote ninayemjua hapa mjini. Fomu za saa za kazi zinadaiwa kila mwisho wa mwezi, mfadhili anataka kuona nani alifanya nini, na mtu anayefikiri haonekani tofauti na mtu asiyefanya kitu. Basi anapewa cha kuandika. Anaandika. Baada ya miezi kadhaa tunalipa watu wengine kufuta alichoandika.

Nimekaa kwenye mafunzo ya uongozi yaliyonukuu sheria. Sijawahi kukaa kwenye yaliyosimulia hadithi hii. Ukiwa bosi, sheria unaweza kumpiga nayo mtu. Hadithi hii unaweza kujipiga nayo mwenyewe tu.

Kuna jingine kwenye toleo la 1995. Hapo awali Brooks aliamini kila mtu kwenye mradi aone nyaraka zote za kila sehemu. David Parnas, mtaalamu mwenzake wa programu, alishikilia kinyume: kila sehemu ya programu ifiche undani wake, watu waone mlango tu. Miaka 20 baadaye Brooks akaandika kwamba Parnas alikuwa sahihi na yeye alikosea. Hakuzunguka. Nilipofika hapo nikaanza kumwamini hata pale ninapobishana naye, kwa mfano kwenye ile timu anayoitetea ya mpasuaji mmoja na wasaidizi wake (bingwa mmoja anaandika programu, wengine wanamhudumia), ambayo naona ingezaa miungu-watu wadogo katika kila ofisi.

## Washindi na vifungua kinywa

Kwenye rafu za wakubwa, karibu na Brooks, utakikuta *Good to Great* cha Jim Collins. Hakihusu programu, lakini ndicho kinachowafundisha kuongea wale wanaotusimamia. Kilitoka mwaka 2001, kikachagua kampuni 11 zilizotoka uzuri wa kawaida hadi ubora, kikachambua zilifanya nini. Miongoni mwake zilikuwamo Circuit City na Fannie Mae. Mwaka 2008 ya kwanza iliomba ulinzi wa kufilisika, na ya pili ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Marekani.

Sisemi kila kilichomo ni bure. Ninasema aliyeshinda anasimulia barabara aliyopita, na hana namna ya kujua kama ni barabara iliyomfikisha au ni mvua iliyonyesha kwa wakati.

Andy Grove ni kisa kingine. *High Output Management* cha mwaka 1983 kimeandikwa na mshindi, mtu wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, na bado nakirudia. Anaanza na mgahawa wa kifungua kinywa: yai, mkate, kahawa, na swali la kipi kinachukua muda mrefu zaidi ili vingine vipangwe kukizunguka. Sehemu hiyo naipita haraka. Ninapokaa ni pale anaposema mazungumzo ya meneja na mtu wake mmoja mmoja ni kikao cha yule mtu, yeye ndiye anayeleta ajenda. Jaribu hilo kwenye ofisi ya Kibongo. Utaitwa "kwa bosi" na mwili mzima utajua umefanya kosa.

Na pale anapoeleza kwamba namna ya kumsimamia mtu inategemea uzoefu wake katika kazi hiyo mahususi. Fundi wa miaka mingi, ukimpa kazi asiyoijua, ni mgeni tena, na kumwacha peke yake kwa heshima ya cheo chake ni kumtupa. Nimeona watu wazuri wakizama hivyo. Walipandishwa, wakapewa pongezi na keki, kisha wakaachwa.

## Mgeni rasmi

*Peopleware* cha Tom DeMarco na Timothy Lister, 1987, ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho ninachogombana nacho zaidi.

Waandishi hawa waliendesha mashindano ya kuandika programu kati ya 1984 na 1986, watu wakifanya kazi kwenye meza zao wenyewe, makazini kwao. Tofauti kati ya wa juu na wa chini ilikuwa kubwa mno. Lugha ya programu haikuieleza. Mshahara haukuieleza vya kutosha. Kilichojitokeza ni mahali: waliofanya vizuri walikuwa na nafasi zaidi, ukimya zaidi, simu zisizowakatiza. Na watu wawili wa kampuni moja walielekea kufanana, kana kwamba ofisi yenyewe ina kiwango chake.

Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye ofisi ya kushirikiana kule Kijitonyama, jenereta nje ya dirisha, na kijana wa huduma kwa wateja akimwelekeza mtu wa Kahama namna ya kubofya kitufe. Nilicheka peke yangu. Ukimya? Unanunuliwa wapi?

Kitu kimoja nawaheshimu nacho: wanakiri wenyewe kwamba takwimu zao hazithibitishi kuwa ofisi tulivu ndiyo inayomfanya mtu awe bora. Huenda wazuri ndio wanaokimbilia ofisi tulivu. Kisha wanamuuliza meneja, kwani wewe ina tofauti gani? Kwao labda haina. Kwangu ina tofauti kubwa, kwa sababu mimi sina uwezo wa kujenga kuta. Nataka kujua kama nikijitahidi kupata saa mbili za asubuhi bila simu nitapata chochote, au hilo ni jambo la wenye majengo.

Jibu langu, kwa kuangalia timu nilizokaa nazo: zile saa mbili zinalipa. Hilo ni la uzoefu, lichukue kwa tahadhari.

Lakini ugomvi wangu mkubwa uko kwenye tarehe. Wanaorodhesha mambo yanayoua timu, na mojawapo ni tarehe za mwisho za uongo: zile ambazo kila mtu anajua hazitatimia na hakuna kitakachoharibika zisipotimia. Hapo nilikwama muda mrefu. Tarehe zetu si za uongo. Ni za kweli kabisa.

Mgeni rasmi ameshaalikwa. Mahema yamelipiwa. Kikundi cha ngoma kimeshafanya mazoezi. Waandishi wa habari wamepewa ratiba, na fulana zimechapishwa zikiwa na jina la mfumo na tarehe ya uzinduzi mgongoni.

Tarehe hiyo haina uhusiano wowote na kazi. Haikutoka kwa aliyepima ukubwa wa msimbo. Ilitoka kwenye diari ya mheshimiwa. Lakini ni ngumu kama jiwe, na watu wataaibika ikipita. Timu haiwezi kuicheka kimoyomoyo kama DeMarco na Lister wanavyoeleza. Inaogopa. Inafanya kazi usiku, inazindua kitu ambacho skrini tatu za kwanza zinafanya kazi na ya nne haijaunganishwa na chochote, mgeni rasmi anabofya, makofi, na Jumatatu wananchi wanaanza kupiga simu.

Sijakiona kitabu kinachomfundisha kiongozi wa timu afanye nini na mgeni rasmi. Nilichojifunza kwa kuwatazama wenzangu waliokomaa ni kutenganisha mambo mawili mapema sana, kwa maandishi: siku ya sherehe na siku ya kufungulia watu wote. Sherehe ibaki pale pale. Mfumo ufunguliwe kwa wilaya moja kwanza. Mheshimiwa hajali, mradi picha zimepigwa. Wanaojali ni walio kati yake na wewe, na hao ndio wa kuongea nao wakati fulana bado hazijachapishwa.

(Kwenye toleo la pili la 1999 waliongeza mabango ya motisha ya ukutani kwenye orodha ya wauaji wa timu. Kwa hilo tu nawasamehe mengi. Kama ofisi yako ina picha ya tai na neno moja la Kiingereza chini yake, unanielewa.)

## Mengine, kwa haraka

Mtu aliyepandishwa jana nampa *The Manager's Path* cha Camille Fournier, cha 2017. Kinaanza pasipotarajiwa: sura ya kwanza inamweleza msomaji atarajie nini *kutoka* kwa meneja wake. Wengi wetu hatukuwahi kusimamiwa vizuri, kwa hiyo tunasimamia kwa kukisia. Baada ya hapo ngazi zinakuwa nyingi kuliko kampuni zetu zinavyoweza kubeba. Huku unakuwa kiongozi wa kiufundi, afisa utumishi, na mtu wa kununua LUKU, siku hiyohiyo.

*The Phoenix Project* cha 2013, kilichoandikwa na Gene Kim, Kevin Behr na George Spafford, ni riwaya, na kama riwaya ni chepesi: kuna mzee mwenye hekima anayetokea kila mambo yanapokwama. Lakini kuna Brent. Brent ni yule fundi ambaye kila kitu lazima kipite kwake, mkarimu, mchovu, hawezi kwenda likizo. Kila ofisi niliyoingia ina Brent wake, na mara nyingi nywila ya seva inayohudumia watumiaji iko kichwani mwake. Wape watu kitabu hiki waishie pale wanapomtambua Brent wao. Ndiyo faida yake.

Na vile vya msimbo wenyewe. *Clean Code* cha Robert C. Martin, 2008, kimefanywa mahakama. Kijana anaandika kipande cha programu cha mistari 30 kinachosomeka vizuri, mkaguzi anakikata mara saba kwa sababu kitabu kimesema vipande viwe vifupi, na sasa msomaji anaruka huku na huko kutafuta nini kinaendelea. John Ousterhout kwenye *A Philosophy of Software Design*, 2018, anasema karibu kinyume: sehemu nzuri ina mlango mdogo na kina kirefu ndani. Mimi niko upande wa Ousterhout. Ila nishaona naye akianza kunukuliwa kwenye ukaguzi wa msimbo kwa jina tu, bila hoja, na nikajua safari yake nayo imeanza.

## Kisichokuwepo kwenye rafu

Ukivipanga vyote hivi kwa mahali vilipoandikiwa, vinatoka karibu mahali pamoja. Meneja wa humo anaajiri na kufukuza, ana bajeti yake, mteja wake anaweza kuambiwa hapana. Sivilaumu kwa hilo. Kila mtu anaandika alipo. Lakini kuna kazi kubwa za programu zilizofanyika huku kwetu, na wenyewe hawajatuandikia kwa namna Brooks alivyoandika.

Chukua M-Pesa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliandika simulizi yao mwaka 2007, na ni ya kweli na ya wazi. Walianza majaribio mwaka 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, lengo likiwa kurahisisha kurejesha mikopo midogo, wakakuta watu wanatumiana pesa kwa shughuli ambazo hakuna aliyezipanga. Wakapunguza, wakabadilisha, na Machi 2007 Safaricom ikazindua kitu kilichokuwa rahisi kuliko walichoanza nacho. Ni hadithi nzuri ya bidhaa.

Ninayoitaka mimi ni nyingine. Kwa miaka mingi mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 ikahamishiwa Kenya, kwenye mfumo mpya, nchi nzima ikitegemea simu kununua unga. Kuna watu waliongoza kazi ile. Kuna mtu alipanga nani akae zamu, nani apumzike. Kuna mtu alipewa mamlaka ya kusema "turudi nyuma", au hakupewa. Je, kulikuwa na tarehe iliyotoka kwenye diari ya mtu? Kulikuwa na Brent? Nani aliomba watu wawili zaidi, na alijibiwa nini?

Kama ulikuwepo na unaandika, hata kurasa 60, hata kwa Kiswahili cha vikaoni, nitanunua nakala yangu na za kuazimisha. Nitaanza kusoma kwenye sura ya uamuzi uliokwenda vibaya.